Ulimi wa Mtoto Hufunzwa kwa Maneno

Katika miji yetu ya pwani, na kwa hakika katika nchi zetu zote ambazo Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, mtoto anapotimiza umri wa kusema na asiseme, au akasema maneno ambayo mamake pekee ndiye ayafahamuye, nasaha humiminika kwa mzazi kabla ya maswali. Mmoja humwambia angoje, kwa kuwa baba wa mtoto naye alichelewa na leo haishi maneno barazani. Wa pili humwambia ampeleke kwa fundi akakatwe kimeo, au akatwe ule ukano wa chini ya ulimi. Wa tatu hushauri mtoto apewe filimbi apulize mpaka mashavu yapate nguvu. Na wa nne, asiyenuia ubaya wowote, humwigiza mtoto matamshi yake mbele ya wageni ili watu wacheke. Nasaha zote hizi hutolewa kwa mapenzi, na hiyo ndiyo sababu mzazi huona taabu kuzikataa. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba zote nne ni pungufu, kwamba baadhi yake ni za hatari, na kwamba msaada wenye manufaa kwa mtoto ambaye kinywa chake kinamwia kizito uko karibu na mzazi kuliko anavyodhani, maadamu uanze mapema na uwe msaada wa maneno yenyewe.

Kusema ni kazi ambayo sisi tulioizoea hatuihesabu tena kuwa kazi. Chukua neno jepesi kama maji, ambalo ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya haja kwa mtoto yeyote. Ili litoke, midomo sharti ifumbane kwa herufi ya kwanza, na papo hapo kaakaa laini, yaani ile nyama iliyo nyuma ya paa la kinywa, lining'inie chini ili pumzi ipite puani, na nyuzi za sauti zilizomo katika zoloto zitetemeke; kisha midomo iachane na taya lishuke kwa irabu; kisha sehemu ya kati ya ulimi ipande igande juu, na kaakaa laini nalo liinuke upesi lizibe njia ya pua, la sivyo herufi haitakuwa ile iliyokusudiwa; na mwisho ulimi ulegee kidogo tu upate kuitoa irabu ya pili. Yote hayo hutendeka katika muda usiofika sekunde moja, yakitumikisha ulimi ambao peke yake una misuli minane, mbali na ile ya midomo, mashavu, taya, koo na kifua, na hapana kiungo hata kimoja kilichoruhusiwa kutangulia wala kuchelewa.

Sasa msikilize mtoto anayeshindwa na neno hilo, nawe utabaini kwamba kushindwa kwenyewe kuna namna mbalimbali. Asiyeweza kufumba midomo husema "aji". Ambaye kaakaa lake haliinuki likaziba njia ya pua husema "manyi", na maneno yake mengine yote husikika kama yatokayo puani. Ambaye ulimi wake ni mzito, haufiki juu, husema "mai". Na yuko wa nne, ambaye leo husema "maji" sawasawa, kesho akasema "jima", na baada ya saa moja akasema "mami", huku midomo yake ikihangaika kuitafuta njia iliyoipita asubuhi; huyu misuli yake ni mizima, lakini mpango wa amri ziendazo kutoka ubongoni hadi kinywani ndio usiotengenea. Mzazi aliyezoea kusikiliza namna hii, akaandika katika daftari maneno kumi anayoyasema mwanawe na jinsi ayasemavyo, humpa tabibu habari yenye thamani kubwa kuliko kauli ya jumla kwamba mtoto hasemi vizuri.

Kabla ya kinywa, hata hivyo, lipo sikio. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na ambaye masikio yake yamedhoofishwa na usaha wa mara kwa mara, au na homa ya uti wa mgongo, au na manjano makali ya siku zake za kwanza duniani, hawezi kutamka asichokisikia. Wala mzazi asidanganyike kwa kuwa mtoto hugeuka mlango ukibamizwa au ngoma ikilia; yawezekana akaisikia ngoma na asizisikie herufi nyembamba kama s na f, ambazo sauti zake ni za juu na dhaifu. Ndiyo maana tabibu aijuaye kazi yake, aletewapo mtoto mwenye taabu ya matamshi, hutaka kwanza kuwa na yakini kwamba masikio yamepimwa.

Baada ya sikio hutazamwa umbile. Mtoto mmoja hivi katika kila watoto 700 wazaliwao duniani huzaliwa na mdomo sungura, au kaakaa lililopasuka, au vyote viwili. Mdomo sungura huonwa na kila mtu. Walakini kaakaa lililopasuka ilhali midomo ni mizima huweza kufichika kwa miezi mingi, lisijulikane ila kwa maziwa yanayorudi puani na kwa mtoto asiyeongezeka uzito, ingawa mkunga angeliweza kuligundua siku ile ile ya kuzaliwa kwa tochi na kidole safi. Mdomo aghalabu hushonwa katika miezi ya kwanza ya maisha, na kaakaa aghalabu kabla mtoto hajapita mwaka mmoja na nusu, ili maneno yakija yakute mlango umekwisha kutengenezwa. Gharama nazo zisimkatishe mzazi tamaa, kwa kuwa shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia upasuaji huo katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, na CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazoufanya. Lakini mshono si tamati ya kazi: mtoto aliyezoea kuzitoa herufi kooni, kwa kuwa kinywani pumzi ilimponyoka, hubaki na mazoea hayo hata baada ya kidonda kupona, na huhitaji mtu wa kumrudisha kwenye midomo na ulimi.

Kisha kuna udhaifu wa misuli yenyewe, ambao mara nyingi hufuatana na mtindio wa ubongo, maradhi yatokayo pengine kwa mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, pengine kwa manjano yaliyopuuzwa, pengine kwa malaria kali iliyopanda kichwani. Mtoto wa namna hii hutambuliwa kwa udenda usiokauka kifuani, kwa kutafuna kwa taabu, kwa kupaliwa mara kwa mara anaponywa, na kwa sauti inayoishia njiani kabla sentensi haijatimia. Hatimaye kuna wale wa "maji" na "jima", ambao madaktari huwaita wenye apraksia. Mtoto huyu huweza kuramba asali iliyomganda juu ya mdomo bila shida, lakini ukimwambia aupeleke ulimi pale pale pasipo asali, huduwaa asijue aanzie wapi.

Wazazi wengi wa watoto hawa wameonja uchungu wa kuambiwa kwamba wamemdekeza mtoto, au kwamba kuna laana katika ukoo. Kwao ni vema ijulikane habari ya aila moja ya London, itajwayo katika maandiko ya kitaalamu kwa herufi mbili tu, KE, ambayo nusu hivi ya watu wake, kwa vizazi vitatu, walikuwa na taabu kubwa ya kuipanga mienendo ya midomo na ulimi. Mwaka 2001 wanasayansi wa Oxford na wenzao wa London walitangaza kwamba wameipata asili ya taabu hiyo, nayo ni kasoro katika jeni moja, ijulikanayo kwa jina la FOXP2. Watoto walio wengi wenye apraksia hawana kasoro hiyo mahususi, na katika wengi chanzo hakijulikani. Lakini ugunduzi ule ulitosha kuthibitisha kwamba jambo hili ni la maumbile ya ubongo, na kwamba mama aliyemlaza mwanawe akilia usiku hakutenda taksiri yoyote iliyomfunga mtoto ulimi.

Sasa tuzirudie nasaha, tuanze na ile iliyo mbaya kuliko zote. Kukata kimeo ni mila iliyoenea Tanzania, Kenya na nchi nyinginezo za Afrika, na watu wazima wenye heshima zao huisifu kuwa ni dawa ya kikohozi, ya kutapika, ya kukonda na ya kuchelewa kusema. "Mwanangu, mtoto huyu ana kimeo, mpeleke akakatwe," huambiwa mama kijana na bibi anayemheshimu, naye huona haya kumkatalia. Bali kila mtoto ana kimeo, kama vile kila mtoto ana pua. Ni kipande cha mwisho cha lile kaakaa laini ambalo tumeona linavyoinuka kuiziba njia ya pua, na kukikata hakumpi mtoto neno hata moja asilokuwa nalo. Linalowezekana kumpa ni damu isiyokatika, pepopunda, uvimbe wa koo na mauti, na hospitali zetu zimepokea watoto walioletwa katika hali hizo. Kuhusu ukano wa chini ya ulimi, ni kweli kwamba kwa baadhi ya watoto huwa mfupi, ukamzuia mtoto kunyonya, na hapo daktari huweza kuukata kwa makasi safi. Lakini ukano mfupi haumcheleweshi mtoto kuanza kusema, na mwenye miaka mitatu asiye na maneno akikatwa ukano hurejea nyumbani hana maneno vile vile, tena ana kidonda.

Nasaha ya kungoja ni ya upole zaidi, na kwa baadhi ya watoto hutokea kuwa kweli, jambo ambalo ndilo liipalo nguvu. Wako watoto waliochelewa wakafika, na kila mtaa unao mmoja wa kutolewa mfano. Lakini wale waliongojwa wasifike hawatajwi barazani. Kadiri ijulikanayo kwa wataalamu ni hii: kufikia miezi tisa mtoto hutazamiwa awe anabwabwaja "bababa" na "mamama", akitimiza mwaka, au karibu na hapo, apate neno la kwanza lenye maana, akitimiza miaka miwili aunganishe maneno mawili, kama "mama maji" au "baba njoo", na mgeni asiyemzoea aweze kufahamu nusu ya maneno yake akiwa na miaka miwili, robo tatu akiwa na mitatu, na takriban yote akiwa na minne. Aliyepungukiwa sana na kadiri hii asingojwe, na aliyekuwa na maneno kisha yakampotea apelekwe kwa daktari pasi na kukawia hata wiki moja. Ubongo wa utotoni hukubali kufunzwa upya kwa wepesi ambao hautarudi tena katika umri wake wote, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo wasiwasi nao una mipaka yake. Mtoto wa miaka mitatu asemaye "lafiki" badala ya rafiki, "salasini" badala ya thelathini na "zahabu" badala ya dhahabu hana maradhi, kwa kuwa herufi hizo humtaka mtoto ulimi uliokomaa, na katika Kiswahili wako hata watu wazima wengi, wa bara na wa pwani, ambao hawakupata kuzitenga. Kigugumizi kianzacho kati ya miaka miwili na minne, maneno yanapomjia mtoto kwa wingi kuliko uwezo wa kinywa, aghalabu huisha chenyewe mradi asikemewe, ingawa kikidumu, au kikimtia mtoto fadhaa, hakipaswi kupuuzwa. Wala lugha mbili si sumu: mtoto alelewaye kwa Kidigo na Kiswahili, au Kisambaa na Kiswahili, hapati maradhi ya matamshi kwa sababu hiyo, na mzazi ashauriwaye kuiacha lugha ya mamake ili mtoto apone hunyang'anywa chombo kile kile ambacho angekitumia kwa ufasaha kumsaidia mwanawe.

Imebaki filimbi. Wazo kwamba misuli ya kinywa ina udhaifu, na kwa hiyo ipewe mazoezi ya kupuliza, kunyonya kwa mrija, kutoa ulimi nje na kuupeleka huku na huku, lina sura ya akili, na hata katika nchi zenye wataalamu wengi limetumika kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Cochrane, ulio mashuhuri kwa kupima tiba kwa ushahidi, ulizipitia tafiti zilizofanywa juu ya mazoezi ya kinywa yasiyo na matamshi kwa watoto wenye kasoro za sauti za lugha, ukakuta kwamba hapana ushahidi wa kutosha wa kuthibitisha kuwa yanafaa. Sababu yaweza kufahamika bila maabara. Kusema hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za misuli. Linalotakiwa ni kufika mahali pake, kwa wakati wake, baada ya herufi iliyotangulia na kabla ya ile ifuatayo, na hilo halifunzwi na filimbi. Mtoto aliyepuliza filimbi mwaka mzima amekuwa hodari wa kupuliza filimbi.

Na sisi watu wa pwani hatukuhitaji kungoja mwaka 2015 ili tulijue hilo, kwa maana tunayo elimu ya makharija ya herufi, ambayo imefundishwa katika vyuo vyetu vya Kurani kwa karne nyingi. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyezaliwa Omani na kuishi Basra, alipotunga kamusi yake hakuzipanga herufi kwa desturi ya siku zile, bali alizipanga kwa mahali zinapotokea, akianza na zile za ndani ya koo na kuishia na zile za midomoni. Mwalimu wa chuoni, hata yule asiyepata kulisikia jina la bwana huyo, hufundisha kwa msingi huo huo: humketisha mtoto mbele yake, uso kwa uso, akamtaka autazame mdomo wake, hutamka herufi pamoja na irabu yake, mtoto hufuatisha, mwalimu husahihisha, wakarudia, mara kumi, mara ishirini, kisha herufi huingizwa katika neno, na neno katika aya. Hamwambii mtoto autingishe ulimi hewani ili kesho aje aitamke herufi. Herufi hujifunzwa katika herufi.

Huo kwa kiini chake ndio mwendo unaosifiwa leo na wataalamu wa apraksia. Bi Edythe Strand, aliyefanya kazi katika Mayo Clinic huko Marekani, ameujenga utaratibu wake juu ya amri nyepesi: nitazame, nisikilize, tuseme pamoja. Mtu mzima hutamka neno polepole sambamba na mtoto. Mtoto akiliweza, mkubwa hupunguza sauti, akabaki kuchezesha midomo tu. Kisha humwacha mtoto aseme peke yake baada yake. Na ikishindikana, humrudia tena bila ya lawama. Kiswahili kina fadhila yake katika kazi hii, kwa kuwa silabi zake nyingi ni fupi na huishia kwa irabu, na kile kitabu cha kwanza cha kusoma chenye ba, be, bi, bo, bu huweza kufanywa ngazi ya matamshi. Tafauti moja na desturi ya baadhi ya vyuo ni ya lazima: bakora iwekwe mbali. Mtoto mwenye apraksia akitiwa hofu hupotewa hata na neno alilokuwa nalo, na kumpiga kwa sababu hiyo ni dhuluma.

Nyumbani mambo haya hayahitaji chumba maalumu. Nimemtazama jirani yangu mmoja akimfunza mwanawe wa miaka mitatu huku akikuna nazi. Mtoto alinyoosha mkono kwenye mtungi. Mama aliacha mbuzi, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, akakiinua kikombe karibu na midomo yake mwenyewe, akafumba midomo kwa mmm ndefu, akanyamaza. Akangoja, tena kwa muda ambao mimi mtazamaji niliuona kuwa mrefu, wala hakumsemea. Mtoto alifumba midomo, ikamponyoka, akafumba tena, akasema, "Ma... i." Mama akampa maji papo hapo, akasema kwa furaha, "Maji! Maji baridi," akarudi kwenye nazi yake. Hakumwambia "sema vizuri", hakumnyima kikombe mpaka aitamke herufi iliyokosekana. Alilipokea jaribio, akalilipa, akamrudishia neno likiwa limekamilika na kuliongezea jingine moja.

Katika tukio hilo dogo mna karibu yote ambayo mzazi hufundishwa hospitalini. Achague maneno machache yenye haja kwa mtoto, kama maji, nipe, basi, choo na jina la dada, badala ya kumtajia rangi na wanyama asiowahitaji. Azoeze mara nyingi kwa muda mfupi, wakati wa kuoga, wa kula na wa kulala, kuliko saa moja ya kuchosha mara moja kwa wiki. Aseme polepole, wala asiseme kitoto. Angoje, kwa kuwa ukimya wa mkubwa ndio nafasi ya mdogo. Akiimba nyimbo za watoto, auache mstari kabla ya neno la mwisho ili mtoto aumalizie. Na ndugu zake wakubwa waelezwe kwamba kumjibia kila anapoulizwa, ijapokuwa wanadhani wanamtunza, ni kumnyima mazoezi.

Kwa mtoto mwenye misuli dhaifu, mlo ni somo lenye hadhari yake. Akae wima, ameegemezwa vizuri, kidevu kikielekea chini kidogo na si juu. Kijiko kije kutoka mbele, chini ya usawa wa macho, chakula kikiwa kidogo. Na kijiko cha pili kisije mpaka cha kwanza kimemezwa. Uji mzito kiasi huwa salama kwake kuliko mwepesi, ambao hukimbilia kooni kabla koo halijajiandaa. Ile desturi ya kumlaza mtoto mapajani na kumtilia uji kwa kiganja hali analia ni ya kuachwa kabisa, kwa kuwa kinachoingia mapafuni huzaa nimonia, na nimonia ya namna hiyo imewaua watoto wengi wenye mtindio wa ubongo ambao wazazi wao hawakuacha kuwapenda. Apaliwaye mara kwa mara asifanyiwe majaribio ya jikoni; aonwe na tabibu.

Na je, yule ambaye maneno hayaji, au yanakuja machache mno? Huyu apewe njia nyingine huku juhudi ya kusema ikiendelea: ishara za mikono, au kibao chenye picha za kikombe, sahani, choo, kitanda na nyuso za jamaa, ambacho fundi yeyote wa nyumbani huweza kukitengeneza kwa kadi na gundi. Wazazi wengi hukiogopa kibao hicho, wakidhani kitamfanya mtoto mvivu wa kusema, ilhali tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili hazikuona kwamba picha na ishara huzuia usemi, na baadhi ya watoto huongeza maneno baada ya kuzipata, kwa vile ghaidhi ya kutofahamika imewapungua. Waislamu na Wakristo wanaijua pamoja habari ya Nabii Musa, ambaye ulimi wake ulikuwa na uzito, akaomba msaada, akapewa nduguye Haruni awe msemaji pamoja naye. Wala haikusemwa kwamba ujumbe wake ulipungua heshima kwa sababu ya msaidizi. Ikiwa mtume alipewa msaidizi, sembuse mtoto wa miaka minne.

Kuhusu dhihaka nitasema kwa ufupi, kwa sababu ubaya wake ni bayana. Mtoto aigizwaye mbele ya wageni hujifunza haraka kuliko tulivyokusudia, na anachojifunza ni kunyamaza. Mwalimu wa shule ya awali ambaye huwazuia wanafunzi wengine kucheka, na kumpa mtoto huyu swali ambalo ana neno la kulijibia, humfanyia ihsani ambayo hapana dawa ya duka iwezayo kuifanya.

Nitaambiwa kwamba nimemtwika mama maskini mzigo wa mtaalamu, yeye aamkaye kabla ya alfajiri na kulala baada ya wote. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu langu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mazoezi niliyoyataja hukaa ndani ya kazi zilizopo, na kwamba baba naye ana mdomo wa kutazamwa na mwanawe. Kurudi kwake jioni na kumwita mtoto aketi mbele yake kwa muda wa kikombe cha kahawa si kazi ya kike wala ya kiume. Upande wa pili ni kwamba mzazi hawezi, wala hapaswi kutakiwa, kuibeba kazi hii peke yake pasipo mtu wa kumpimia mtoto na kumwonyesha njia, na hapa lawama haiwi tena ya nyumba bali ni ya dola.

Wataalamu wa tiba ya usemi katika nchi zetu ni wachache, na walio wengi wako katika miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2008, jambo la kupongezwa, lakini idadi ya wahitimu haiwezi kuwiana na idadi ya watoto kwa miaka mingi ijayo, na kwa hiyo maarifa yao sharti yagawiwe: kwa wakunga, ili kila kaakaa litazamwe siku ya kuzaliwa, kwa wahudumu wa afya ya jamii, wanaofika katika nyumba ambazo daktari hafiki, na kwa walimu wa shule za awali na za Kurani, ambao tayari wanajua kumketisha mtoto uso kwa uso. Aidha vipimo vya matamshi vitungwe kwa Kiswahili chenyewe, kwa kuwa kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mtoto wa Uingereza hakiwezi kutuambia ni lini mtoto wa Tanga anapaswa kuiweza ng' ya ng'ombe. Mwaka 2015 zilichapishwa takwimu za awali za matamshi ya watoto wadogo wa Tanzania wasemao Kiswahili, na msingi huo ungepaswa kujengewa nyumba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya mwaka 2010, na haki ya afya na elimu imetajwa ndani yake. Mtoto asiyefahamika darasani hana hata moja kwa ukamilifu.

Lakini iko hatua moja isiyongoja wahitimu, wala majengo, wala vipimo vipya. Karibu kila mtoto wa nchi hizi hupelekwa kliniki akapimwa uzito, na muuguzi huandika katika kadi yake. Siku hiyo hiyo aulizwe mama maswali mawili: mtoto anasikia, na anasema maneno gani? Majibu yaandikwe karibu na uzito, na mwenye upungufu aelekezwe kwenye kipimo cha masikio na kwa daktari kabla hajafika kwa fundi wa kimeo. Maswali hayo hayachukui dakika mbili, na hapana wizara ya afya inayohitaji mkopo ili kuyaanzisha.